Kumdarizi Baba

Mama yangu ni wa mkono wa kushoto, na hapo ndipo shida zangu za sindano zilipoanzia. Alinifundisha kudarizi nikiwa mtoto, kule kwetu Haneti, akanikalisha mbele yake badala ya ubavuni, nikawa namuiga kama mtu anayejiangalia kwenye kioo. Mshono wenyewe ni mwepesi. Uzi mmoja unalala mshazari, mwingine unapita juu yake, unapata msalaba mdogo. Ukijaza kitambaa misalaba ya rangi mbalimbali linatokea ua, au ndege, au maneno ya kumkaribisha mgeni. Sheria ni moja tu: uzi wa juu uinamie upande mmoja kitambaa kizima. Sasa uzi wa juu wa mama unainamia kushoto, na wangu unainamia kulia.

"Umeilaza vibaya," alikuwa ananiambia.

"Nimeilaza kama wewe, mama."

"Mimi silazi hivyo."

Tulibishana hivyo mpaka nikaolewa, na hakuna aliyeshinda. Foronya zetu ukizianika juani ulikuwa unajua hii ya mama, hii ya mtoto, kwa sababu nyuzi zilizolala tofauti zinapokea mwanga tofauti. Majirani hawakuona. Sisi wawili tulikuwa tunaona kutoka mbali.

Sasa hivi ninaishi Chang'ombe, Dodoma mjini, na vitambaa ndivyo vinavyonisaidia kusomesha watoto. Nadarizi vitambaa vya makochi na vya meza, nauzia akina mama wa kanisani na wafanyakazi wa ofisini wanaohamia Dodoma na kukuta nyumba zao ziko tupu. Kidato cha nne nilikimaliza nikiwa na watoto watatu, kwenye darasa la jioni. Nilipomaliza nikajiandikisha tena, safari hii kompyuta. Mume wangu akauliza kama nina mpango wa kuzeeka darasani. Nikamwambia Mungu akipenda.

Humo kwenye darasa la kompyuta, wengine wote wakiwa vijana wanaoniita mama, ndipo nilipojifunza kwamba picha yoyote ya simu ukiikuza sana inageuka vimiraba. Mwalimu alikuwa anaeleza jambo lingine, lakini mimi nilibaki hapohapo. Ile skrini ilikuwa kitambaa. Kila kimiraba kilikuwa msalaba unaongoja uzi. Nilimuuliza mwalimu kama kuna namna ya kuichapa picha hivyo, na rangi zake zikahesabiwa, akasema zipo programu za bure za kazi hiyo, akanionyesha moja. Unaiingizia picha, unaiambia unataka vimiraba vingapi kwa upana na rangi ngapi, inakutolea karatasi ya mistari kama daftari la hesabu, kila rangi na alama yake. Tangu siku hiyo nimedarizi kanisa letu, nimedarizi maharusi, nimedarizi hata mbwa wa mheshimiwa mmoja aliyemtuma dereva wake kuja kukichukua kitambaa.

Mwaka jana macho ya mama yakaanza kumsumbua. Alikuwa anamwaga chai pembeni ya kikombe, na akiitwa kutoka ubavuni anashtuka. Nikamleta hospitali mjini. Daktari akasema ni presha ya macho. Akatueleza kwa upole kwamba uoni uliokwisha kuondoka haurudi, dawa ni za kulinda uliobaki, na kwa mama kilichobaki si kingi.

Tulipotoka nje mama alikaa kwenye benchi, akakunja mikono.

"Naona kama naangalia kwenye bomba," akasema. "Wewe nakuona. Huyo aliye pembeni yako simwoni."

"Pembeni yangu hakuna mtu, mama."

"Basi naona vizuri."

Tukacheka. Halafu akasema jambo ambalo hajawahi kuniomba maisha yake yote. Alisema kabla hilo bomba halijaziba angependa kumwona baba yangu mara moja tena.

Baba alifariki kabla sijaanza shule. Alikuwa mwinjilisti, akizunguka vijijini na baiskeli, na mimi nilichobaki nacho ni kishindo cha baiskeli ikiegemezwa ukutani na mkono mkubwa uliokuwa unanishika kisogoni. Uso sina. Picha zake chache mama alizitunza kwenye sanduku la mbao, mchwa wakapanda kutoka sakafuni wakala sanduku na vyote vilivyokuwamo. Mama alikuwa akiulizwa anasema uso anao yeye kichwani, mchwa hawapandi huko. Nadhani siku ile pale kwenye benchi aliogopa kwamba na kichwani utafifia.

Nilipiga simu kwa ndugu wote. Ikapatikana picha moja, kwenye sanduku la bati la marehemu shangazi, dada yake baba. Mtoto wa shangazi akaipiga kwa simu, mbele na nyuma palipoandikwa jina la baba, akanitumia. Ni picha ya studio, nyeusi na nyeupe. Kijana amesimama mbele ya pazia, koti limempwaya, amekaza shingo kama watu wa zamani walivyokuwa wakifanya mbele ya kamera. Bati la nyumba ya shangazi lilikuwa linavuja, kwa hiyo picha ilikuwa na madoa kila mahali: kwenye pazia, kwenye koti, shavuni, kwenye paji la uso. Niliitazama muda mrefu nikingoja kumkumbuka. Hakuja. Nilimwona mwanamume mzuri nisiyemfahamu mwenye masikio kama yangu.

Kwanza tulijaribu njia fupi. Tulikwenda steshenari wakaikuza na kuichapa kwenye karatasi kubwa, nikampelekea mama aliyekuwa bado yuko kwangu kwa ajili ya kliniki. Akaishika, akaisogeza huku na huku akiitafuta kwa lile bomba lake.

"Ukungu," akasema. "Kijivu juu ya kijivu. Nirudishie karatasi yako."

Nilikaa chini kwa huzuni. Mama akanyoosha kidole kuelekea kochi la mbele, hatua kadhaa kutoka alipokaa.

"Yule kasuku namwona," akasema. "Mwekundu, ana jicho jeusi. Ameinama vibaya, lakini namwona."

Alikuwa kasuku wa kitambaa changu. Basi nikajua nitakachofanya.

Binti yangu mkubwa anasoma chuo hapahapa Dodoma na mkono wake kwenye kompyuta ni mwepesi kuliko wangu, kwa hiyo tulikaa wote mezani siku ya Jumamosi, mimi na yeye na mashine yake. Kazi ya kwanza ilikuwa kuisafisha picha, maana ile programu haijui doa ni nini. Ikiona tone la maji kwenye shavu inalihesabu kama sehemu ya mtu. Binti yangu akawa anayaondoa moja moja, na kila moja ananiuliza, maana nimemlea hivyo.

"Hili la kwenye koti?"

"Ondoa."

"Shavuni?"

"Ondoa."

"Na hili la kwenye paji la uso, la duara?"

"Yote, mwanangu. Bibi yako anataka kumwona mume wake, si bati linalovuja."

Akaondoa. Uso ukatoka msafi kama sahani.

Halafu tukabishana kuhusu miraba. Yeye alitaka mingi, midogo midogo, rangi kibao, ili babu atoke kama picha yenyewe. Mimi nilitaka michache, na rangi chache zinazoachana vizuri, giza liwe giza na mwanga uwe mwanga, kwa sababu kitambaa hiki hakikuwa cha kumfurahisha mtu mwenye macho mazima. Akanielewa. Lakini programu ilipomaliza kazi yake ikatupa baba wa kijivu. Picha ilikuwa ya kijivu, ingefanya nini? Binti yangu akapata programu nyingine ya kutia rangi picha za zamani, ikamtia baba rangi ya chungwa.

"Babu amekuwa Mzungu aliyeungua na jua," binti yangu akasema.

"Mwondoe huyo."

Tukamuuliza mama, aliyekuwa uani anachambua mlenda kwa vidole. Babu alikuwa wa rangi gani?

"Mweusi."

"Mweusi wa namna gani, bibi? Maji ya kunde?"

"Maji ya kunde nilikuwa mimi. Yeye alikuwa mweusi wa chungu. Si chungu kipya, kile kilichozoea moto, kinachong'aa ubavuni."

Basi nikaenda dukani na chungu kichwani mwangu. Niliondoa kila kijivu cha kwenye karatasi na kukipa rangi yangu mwenyewe: kijivu cheusi kabisa nikakipa kahawia inayokaribia masizi, kinachofuata nikakipa rangi ya kahawa, na kile chepesi, kilichokuwa juu ya pua na mashavuni panapong'aa, nikakipa wekundu wa udongo wa kwetu baada ya mvua. Pazia la nyuma nikaliweka jeupe, ili kichwa kitokeze. Dada wa dukani alinisaidia kulinganisha nyuzi mlangoni kwenye jua, akauliza ninadarizi nini chenye kahawia nyingi hivyo.

"Baba yangu."

Akafikiri kidogo. "Basi chukua na hii," akasema, akaniongezea fundo la kahawia moja nzuri kuliko zote. "Baba hapunjwi."

Ilikuwa Kwaresima inaanza, na mama alikuwa amesharudi Haneti. Nikaweka nadhiri kwamba Pasaka baba awe amefika nyumbani kwake. Nilikuwa nadarizi mchana, kazi za nyumbani zikishaisha, nimekaa mlangoni upande wa mwanga na ile karatasi nimeibandika kwenye ubao. Kwenye karatasi rangi zina alama. Hii nyota, hii pembetatu. Ile kahawia ya uso programu ilikuwa imeipa alama ya moyo, kwa hiyo karatasi ilionyesha kichwa cha mtu kilichojaa mioyo kutoka kidevuni mpaka kwenye nywele. Binti yangu alikuwa akipita anasema, "Babu anapendwa mpaka masikioni."

Sijui kama nitaweza kueleza ilivyokuwa. Kazi hii huioni wakati unaifanya. Umeinamia vimiraba vichache, unahesabu, mioyo saba, nyota moja, mioyo miwili, na kilichoko chini ya mkono wako ni rangi tu. Halafu unainuka kuepua chungu, unageuka ukiwa jikoni, na kuna mtu amekaa kwenye kiti chako anakuangalia kwa jicho moja kwa sababu la pili hujalifikia. Siku ile ya jicho la kwanza niliepua chungu nikakishikilia mkononi mpaka kikaniunguza. Nilikuwa nasali mstari kwa mstari. Sikuombea mengi. Niliomba macho ya mama yaningoje, na niliomba na mimi nikimaliza niwe nimemjua, maana nilimzika baba yangu bila kumfahamu, na mtoto wa mwinjilisti anayesimulia sifa za baba yake kwa maneno ya watu wengine anachoka.

Akina mama wa jumuiya walikuja kusali kwangu wiki moja, wakamkuta yuko karibu kwisha. Mmoja akasema, "Mzee alikuwa mtanashati." Mwingine akasema paji lake la uso tu linaonyesha mtu aliyeokoka. Nikafurahi. Hata mimi niliona hivyo. Lilikuwa paji pana, safi, la mtu wa kanisa tangu kuzaliwa.

Jumatatu ya Pasaka tukapanda basi mimi na binti yangu, kitambaa kikiwa ndani ya fremu yake, nimekizungushia kanga mbili. Mtama ulikuwa umesimama barabara yote. Mama alikuwa ametuona kwa masikio kabla hatujabisha hodi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona mmechelewa, na mgeni wangu mnamchelewesha?"

Tukamkalisha kwenye kigoda karibu na mlango, tukamtundika baba ukutani mbele yake, panapoingia mwanga. Nilizitoa kanga. Mama akainua uso, akaanza kumtafuta. Kichwa chake kilikuwa kinakwenda polepole, kulia, kushoto, kama mtu anayepitisha kurunzi, mpaka kikasimama. Akatulia. Binti yangu akanishika mkono.

"Namwona," mama akasema.

Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

"Namwona vizuri kabisa," akaendelea. "Umedarizi vizuri. Ila mwanangu, kwa nini umenidarizia shemeji yangu?"

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamwambia ni baba.

"Huyu ni mdogo wake baba yako. Yule aliyepelekwa shule."

"Mama, ni picha aliyokuwa nayo shangazi. Nyuma imeandikwa jina la baba."

Akaguna. Akaangalia tena, akinyoosha shingo. "Koti ni lake," akakiri. "Hilo koti aliliazima. Na shingo ni yake." Kisha akauliza, taratibu, kama mtu anayeuliza mfuniko wa sufuria umewekwa wapi: "Ndonya yake iko wapi?"

Kwetu hakuna asiyejua ndonya. Ni ile alama ya duara ambayo Wagogo wa zamani walikuwa wanachanjwa katikati ya paji la uso wangali watoto. Bibi yangu mzaa baba alikuwa nayo, nilikuwa napenda kuigusa. Mama hana, alizaliwa kwenye nyumba iliyokuwa imeshaingia kanisani, na baba mdogo hakuchanjwa kwa sababu aliwahi kupelekwa shule. Ndonya naijua vizuri, ila sikuwahi kumfikiria baba nayo. Baba alikuwa mwinjilisti. Kichwani mwangu alizaliwa na Biblia mkononi, amevaa shati jeupe.

Binti yangu ndiye aliyeelewa kwanza. Akaziba mdomo kwa kiganja.

"Lile doa la duara," akasema. "Mama, tulimfutia."

Tukamweleza mama, kila mmoja akimkatiza mwenzake, habari ya bati la shangazi na madoa na kusafisha. Nilikuwa nangoja akasirike. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Mmemsafisha zaidi ya mchungaji," akasema. "Baba yako alibatizwa nayo, mtu mzima, mimi nikiwa pale naangalia. Maji hayakuiondoa. Mkaja kuiondoa ninyi na mashine."

"Hukuwahi kuniambia, mama."

"Nikuambie nini? Kwamba alikuwa na pua pia?" Akamgeukia baba ukutani. "Alikuwa akienda kuhubiri kwa wazee waliokataa kanisa, anavua kofia kwanza. Wanamwona ni wa kwao. Ndipo wanamkaribisha akae."

Nilikaa chini sakafuni. Wiki zote zile za Kwaresima nimemdarizi mstari kwa mstari, na kumbe alikuwa ananingoja hapa kwenye maneno ya mama, anavua kofia mlangoni kwa watu. Huyo nilimwona. Huyo hakuwa na uso wa studio hata kidogo.

Nikasema tutarudi naye mjini, nitamrekebisha. Binti yangu akasema anaweza kuirudisha ile picha ya mwanzo, tuhesabu upya tuone ndonya inaangukia kwenye miraba ipi.

"Mtahesabu nini?" mama akauliza. "Leteni hapa. Na sindano."

Tukamtoa baba kwenye fremu, tukamweka mapajani pa mama. Nilimtungia uzi, ile kahawia ya masizi, maana kutunga hawezi tena. Akaacha kuangalia. Alifumba macho kabisa, akaweka kidole cha kulia kwenye pua ya baba, akapanda nacho taratibu akizihesabu nyuzi kwa kuzipapasa, akapita katikati ya nyusi, akasimama. Mahali pale mimi nisingepachagua. Ningeiweka juu zaidi.

"Hapa," akasema. "Nilikuwa nalala nayo usoni kwangu, siwezi kukosea."

Binti yangu akaangalia dari. Mimi nikaangalia mlango.

Akadarizi kwa mkono wa kushoto, juu ya misalaba yangu, kidole cha kulia kikiiongoza sindano. Hakuharakisha. Alipomaliza akakata uzi kwa meno kama alivyokuwa akifanya nikiwa mdogo, nikamrudisha baba ukutani.

Nilikuwa nimejiandaa kuona kiraka. Rangi ilikuwa ileile niliyoitumia kwenye nywele na nyusi, wala hakuiwekea mpaka. Lakini misalaba ya mama uzi wa juu unainamia kushoto, na uso mzima unainamia kulia, na mwanga wa mlangoni ulipoingia uliipita kazi yangu yote ukaenda kung'aa pale kwenye ndonya, mviringo mdogo, kama ngozi ya kovu inavyong'aa. Niliona kutoka nilipokaa. Mama alimtafuta, safari hii hakuchukua muda mrefu.

"Bibi," binti yangu akauliza, "sasa ni yeye?"

Mama alikuwa ameegemea mlango, mikono imelala mapajani, anaangalia mbele kupitia kwenye bomba lake, na alikuwa na uso ambao sijawahi kuuona, wa msichana aliyetazamwa.

"Ni yeye," akasema. Baadaye kidogo akaongeza, "Masikio umempunguzia. Yaache hivyohivyo, atafurahi."